Haja Zako Zote Hapa

Shangazi yangu wa Bungoma haamini biashara yenye jina la kueleweka. Jirani yake wa kulia ni kinyozi aliyejipa jina la mtaa wa New York, wa kushoto anauza chipsi kwa jina la mto wa Ulaya. Basi alipofungua duka la unga, sukari, mafuta ya taa na sabuni karibu na steji, alisema Kiingereza kimeshachakaa mjini. Alitaka mahitaji ya lazima yaitwe kwa Kilatini. Mimi naishi Kitale, na Kitale kuna fundi wa mabango asiye ghali, kwa hiyo kazi ikawa yangu.

Kilatini katika ukoo wetu anacho babu peke yake. Alitumikia altareni kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule wa 1962 hadi 1965, haujaziruhusu lugha zetu ndani ya misa. Ukimtilia shaka atakukumbusha kwamba Maurice Otunga, mtoto wa chifu kutoka Chebukwa, hapo hapo Bungoma, alipadirishwa Roma mwaka 1950 na akawa kardinali mwaka 1973. Humtaja kana kwamba walikalia dawati moja.

Neno lake la kwanza lilikuwa necessitas, ulazima wenyewe. Lingetosha, ila babu hana breki. Akaongeza msemo wa wanasheria: necessitas non habet legem, dharura haina sheria. Mafakihi wa Kiislamu wana kanuni inayokaribiana nao, kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, lakini shangazi hakungoja ulinganisho.

"Duka lisilo na sheria? Kanjo si watanifungia kabla ya saa nne!"

Babu akatoa opus, kwa kuwa Mroma akihitaji kitu husema opus est. Shangazi akalionja neno mdomoni, akasema hilo linafaa dawa ya kupe.

Ikabaki necessarium, kitu cha lazima. Lina uzito, lina mkia wa -um, ukilitamka unasikia harufu ya ubani. Likapita.

Nilidhani Kitale haiogopi Kilatini. Ni mji wa Kenya Seed, kampuni ya mbegu iliyoanza mwaka 1956, na watu wa mbegu hawaoni tabu kuyaita mahindi Zea mays. Fundi wangu hakuwa mtu wa mbegu. Aling'ang'ania kuandika NECESSARYUM, eti shuleni Y ilikuwepo. Nilipomshinda kwa Y, ubao ukamshinda yeye: UM ikashuka mstari wa pili, ikakaa huko peke yake kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Na ili wateja wasipotee, shangazi alikuwa ameagiza tafsiri chini yake, kwa rangi nyekundu: HAJA ZAKO ZOTE HAPA.

Ubao ukapanda juu ya matatu. Kamukuywa, mama wa ndizi aliuliza kama ni kanisa jipya. Webuye, askari wa trafiki akataka kujua zahanati itafunguliwa lini. Hakuna aliyeuliza sukari.

Sasa, Bungoma iko kwenye barabara ya Malaba, na abiria aliyefungiwa garini tangu Eldoret hasomi bango kama mimi na wewe. Kilatini anakiruka. Anaona haja, anaona zote, yaani kubwa na ndogo, anaona hapa. Waliingia kwa hatua fupi fupi. Mmoja alipita kaunta, akapita magunia ya unga, mkono tayari uko kwenye mkanda, shangazi akamzuia kwa fagio. Mwingine, mstaarabu, alinunua kiberiti kwanza, kisha akainama: "Mama, ndogo ni ngapi?"

Shangazi akakilaumu Kiswahili. Babu naye akakilaumu, kwa furaha kubwa. Mpaka padri mmoja alipokuja kununua mishumaa, akainua macho, akasoma, akacheka hadi akajishikiza kwenye mizani. Akatueleza kwamba katika monasteri za Ulaya za zama za kati, necessarium ndilo lilikuwa jina la choo: jengo lililopakana na bweni la watawa, matundu yamepangwa safu, maji yakipita chini. Kuna mchoro wa mabomba ya monasteri ya Canterbury, Uingereza, wa karne ya 12, na neno hilo limeandikwa papo hapo kwenye choo. Watawa nao waliona haya kukitaja kwa jina lake.

Babu alipopigiwa simu alinyamaza, halafu akasema mtandao unakatika.

Nikashauri bango lishushwe. Shangazi hakunisikia. Alikuwa amesimama mlangoni akiwatazama abiria wanavyoshuka, midomo ikihesabu. Siku chache baadaye akaita wachimbaji nyuma ya duka. Siku hizi haja ni shilingi kumi, na magunia ya unga yamesogezwa kupisha ndoo za maji. Fundi alipouliza aandike nini kwenye mlango wa choo, shangazi alifikiri kidogo.

"Andika DUKA LIKO MBELE."