Kucha Ndiyo Mkosaji

Mpiga gitaa wa klasiki hakosei; kucha yake ndiyo hukosea. Akiwarushia wenzake video ya kibao "Recuerdos de la Alhambra" cha mtunzi Tárrega, hutanguliza udhuru: kucha imemeguka, nyuzi mpya, baridi kali. Kisha tremolo yenyewe: gumba lapiga besi, vidole vya pete, kati na shahada vyapokezana uzi mmoja. Cha kati kinachelewa, na tremolo yote inachechemea kama punda mwenye mwiba. Wenzake? "Mashallah, sauti tamu! Gitaa aina gani?" Ukisifiwa gitaa, ndugu yangu, jua vidole vimesitiriwa. Na sehemu ya pili, ile ya A meja? Video hukatika kabla haijafika. Betri, eti. Kila mwezi, betri.