Wiki ya Ju Ju Ju

Wapo watu ambao kalenda ya ukutani, ile ya bure ya duka la vifaa vya ujenzi, haiwatoshi. Nami nilijiunga nao. Ndani ya GNU Emacs, programu ya kuandikia iliyotoka mwaka 1985, mna kalenda ya miezi mitatu pamoja na shajara, na kila kitu chake hubadilika, mradi usiku uwe mrefu.

Wiki yake huanza Jumapili, nambari 0. Sisi tunaohesabu kutoka mosi tunaweka 6, Jumamosi ikae mbele panapoistahili. Nikanogewa. Nikafuta majina ya siku ya Kiingereza, nikaandika yetu. Programu, kwa kukosa adabu, hukata kila jina zibaki herufi mbili. Nikaletewa wiki hii: Ju, Ju, Ju, Ju, Ju, Al, Ij. Wiki hiyo, au mtoto anajifunza tarumbeta? Usiku wa pili nikarekebisha: Mo, Pi, Ta, Nn, Ta. Tatu na tano nazo zikawa pacha. Wa tatu nikaingiza latitudo na longitudo ya Dar es Salaam ili inijulishe jua litazama saa ngapi, kana kwamba nyumba yangu haina dirisha.

Mwisho nikazipaka wekundu tarehe zenye neno katika shajara. Ikawaka moja tu: kulipa kodi ya nyumba. Ilishapita siku nne.

Mwenye nyumba wangu anatumia ile ya duka la vifaa vya ujenzi. Hajawahi kukosea siku.