Kanzu Iliyoogeshwa

Sikukuu ya Idi kwa mtoto wa Unguja haiishi siku moja. Kuna Idi mosi, Idi pili, Idi tatu na Idi nne, na kila jioni ya siku hizo watoto humiminika kiwanjani Mnazi Mmoja kwa bembea, malai na vitu vya kuchezea, mkono wa Idi wameufumbata kiganjani. Kila jioni inataka nguo yake. Mwenye watoto watatu basi anahitaji nguo 12 kabla hajagusa viatu, kofia na mitandio. Mwenye kujaaliwa hununua zote madukani. Sisi wengine tunanunua za Idi mosi, na zilizobaki zinashonwa nyumbani katika kumi la mwisho la Ramadhani, baina ya tarawehe na daku, watoto wakiwa wamelala au wamesema wamelala.

Nyumbani kwetu Jang'ombe kazi hiyo hufanywa na mkwe wangu, ambaye wanangu humwita Bibi na mtaa mzima humwita hivyo hivyo, kwa cherehani ya mkono aliyoirithi kwa mama yake. Ni Singer nyeusi ambayo maandishi yake ya dhahabu yamefutika kwa kupanguswa. Haina mota wala waya. Mkono wa kulia unazungusha gurudumu, wa kushoto unaongoza kitambaa, na mshonaji anayeijua huenda taratibu lakini mstari wake haupindi. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokosa umeme kwa hitilafu ya njia ya waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara, wenye cherehani za mota walikaa barazani wakingoja jenereta zipate mafuta. Januari ikaingia, skuli zikafunguliwa, watoto wanataka sare. Bibi aliweka kandili upande wa kushoto wa cherehani yake akashona sketi za bluu na mashati meupe ya watoto wa majirani. Wengine siku hizi wana watoto wao, na wakipita dirishani bado wanamwamkia kwa heshima ya mtu aliyewavisha.

Mwaka ninaousimulia, binti yangu mkubwa alikuwa na miaka 8, ndugu yake wa kiume miaka 5, na mdogo wao anakaribia 3. Tulikwenda Mchangani na wifi yangu tukachagua pamba nyekundu yenye maua madogo meupe, yadi 5, ya magauni ya wasichana, na poplini nyeupe yadi 2 na nusu ya kanzu ya mvulana. Poplini ile ilikuwa nzuri kweli, laini na nzito kidogo, ya kuanguka vizuri mwilini. Mwanangu aliibeba mwenyewe kutoka Mchangani hadi nyumbani, hakukubali mtu amsaidie.

Bibi ana sheria moja ambayo haivunjwi nyumbani kwake: kitambaa hakikatwi hakijaoga. Sababu anaijua yeye na anaijua kila fundi. Pamba mpya hurudi. Kiwandani kitambaa huvutwa na kutiwa wanga ili kikae kigumu na kivutie machoni. Kikiingia majini mara ya kwanza nyuzi hulegea na kujikusanya, na gauni lililokatwa inchi 26 linaweza kupungua inchi nzima. Mtoto akashindwa kulivaa likishafuliwa. Kwa hiyo kitambaa kinarowekwa, kinaanikwa, kinapigwa pasi, ndipo mkasi unaletwa.

Asubuhi moja Bibi aliroweka pamba nyekundu kwenye beseni uwani akaenda kupumzika. Maji yakageuka mekundu, jambo la kawaida kwa rangi ile: ile isiyoshika kwenye nyuzi lazima itoke. Angeyamwaga mara mbili tatu hadi yawe meupe. Mwanangu aliyasikia maneno ya bibi yake tangu jana yake. Aliona kitambaa cha dada zake kinaoga na chake kimekunjwa kitandani, kikavu, na siku za kuelekea Sikukuu zinakwenda mbio. Akakichukua, akakikunjua chote, akakizamisha beseni lile lile, na kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye kupenda kazi iliyokamilika, akaingia humo kwa miguu akakikanyaga.

Tulipotoka kusali laasiri tulimkuta ameshakikamua na anajaribu kukifikisha kwenye kamba.

"Mama, na kanzu yangu nimeiogesha."

Ilikuwa pinki. Si pinki ya sawasawa; sehemu zilizokunjana zilibaki na mabaka meupe, na pembeni kulikuwa na nyayo mbili ndogo zilizokolea. Wifi yangu aliweka mkono mdomoni. Tukaisuuza kwa maji mengi, tukaipiga sabuni, tukaipaka ndimu na kuianika juani. Rangi ilipungua, haikutoka. Mtoto alikuwa amesimama anatutazama, na alipoelewa kwamba kanzu haitakuwa nyeupe tena, alilia kilio kile cha watoto kisicho na sauti, mabega tu.

Bibi alimvuta akamkalisha mapajani. "Usilie, mume wangu. Mimi nimesema kitambaa kioge, na wewe umekiogesha. Nani atakulaumu?"

Nimewahi kusikia watu wakisema bibi hawa wa pwani wanadekeza. Mimi siku ile niliona haki ikitendeka. Mtoto wa miaka 5 alitekeleza agizo la mkubwa kwa ukamilifu kuliko mtu yeyote nyumbani, na aliyelitoa agizo alisimama upande wake mbele yetu sote.

Pesa ya poplini nyingine haikuwepo. Mwisho wa Ramadhani kila shilingi ina mwenyewe. Mume wangu aliporudi kutoka tarawehe alisimuliwa kisa chote. Hakusema neno. Alifungua kabati akatoa kanzu yake aliyoivaa siku ya harusi yetu, akampa mama yake.

Sasa ndipo nilipomwona Bibi akifanya kazi ambayo naona kila mwenye watoto angefaa kuiona walau mara moja. Aliigeuza kanzu ndani nje, akaishika mbele ya taa akaipitisha kidogo kidogo. Nguo ya mtu mzima huchakaa mahali panapojulikana: shingoni, viwikoni, na nyuma anapokalia. Huko mwanga ulipita kwa urahisi. Lakini kwingine kote kitambaa kilikuwa kizima kabisa. Akachukua wembe akafumua mishono ya ubavuni, tundu moja baada ya jingine, akipuliza vipande vya uzi. Kisha akalaza kanzu mkekani na kuanza kupima kutoka chini kwenda juu. Upindo wa zamani hakuugusa. Ulikuwa umeshapigwa vizuri na fundi wake wa zamani, na kwa nini kuvunja kazi ya mtu iliyo safi? Kanzu ya mtoto ilisimama juu ya upindo wa baba yake, kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mguu. Mikono aliitoa katika vipande vya mbele. Alipiga bandi kwa uzi mwekundu ili aone mshono wa muda ulipopita, akamjaribisha mtoto akiwa nusu usingizini, ndipo akakaa kwenye cherehani.

Wifi yangu, ambaye hushona kofia za vitobo kwa mkono na zile huchukua miezi, alichukua kipande cha shingo akakitia darizi mpya kwa uzi wa rangi ya maziwa. Poplini ya pinki nayo haikupotea. Pamba nyekundu ilikuwa nyepesi ya kuonyesha, magauni yalihitaji shimizi, na shimizi zikapatikana. Nyayo mbili nilizikata pembeni, ninazo hadi leo.

Ingekuwa kisa kimeishia hapo ningelala. Usiku wa 28, Bibi akishona marinda ya gauni la mdogo, uzi wa chini ulikwisha. Akafungua sanduku la vifaa kuchukua bobini nyingine. Hakuna. Zilikuwa kadhaa mchana, zote zimejazwa uzi. Tulitafuta chini ya mkeka, ndani ya viatu, kwenye mtungi, kwenye magunia ya mchele. Mwenye kujua alikuwa amelala fofofo. Kumwamsha mtoto wa miaka karibu 3 saa sita za usiku na kumhoji ni kazi bure, basi Bibi aliitoa bobini iliyokuwemo kwenye mashine, akaijaza upya, akaendelea nayo hiyo moja, akijaza na kusimama, akijaza na kusimama. Asubuhi mdogo mwenyewe alitupeleka. Alikuwa amezipanga juu ya kichanja cha jikoni ndani ya kikaango kidogo, akazifunika. Alikuwa anapika.

Na mwezi nao ukaandama siku ya 29. Tulikuwa tunategemea usiku mmoja zaidi. Redio ilipotangaza, mtaa ukapokea kwa kelele za furaha, harufu ya vitunguu vya pilau ikaanza kutoka kila dirisha, na gauni la binti mkubwa lilikuwa limebaki upindo mzima, mduara wa yadi kama 3. Bibi macho yalikuwa yamechoka. Mimi nilikuwa jikoni na nyama. Binti akachukua sindano. Bibi alimkalisha kando yake, akamfundisha kukunja mara mbili, kuchoma nyuzi mbili tatu tu za upande wa nje ili mshono usionekane, kuvuta uzi bila kuukaza. Mtoto wa miaka 8 alishona hadi karibu na daku ambayo hakuna tena aliyeihitaji. Mishono yake ya mwanzo ilikuwa mirefu na ya mwisho mifupi, na unaweza kuona palipomwingia ujuzi kwa kufuata upindo ule kwa kidole.

Idi mosi walivaa za dukani. Idi pili walitoka na kazi ya nyumbani, na mvulana alikuwa kila akisalimiwa anamwambia mtu: hii ya Baba.

Gauni la Idi tatu lina kisa chake. Jirani alikuwa ametupatia doti ya kanga, na binti mkubwa alitaka ishonwe gauni kwa sababu ya mji wake, yaani sehemu ya katikati, wenye korosho. Bibi akasoma jina la kanga, akasita. Yalikuwa maneno ya kumsuta mke mwenza, makali, ya kuvaliwa na mtu mwenye lake moyoni. Mtoto hawezi kutembea Mnazi Mmoja amebeba maneno yale mbele ya magoti. Akayakunja ndani ya upindo, yote, inchi 3 na zaidi, na gauni likawa la adabu.

Lakini watoto hukua. Baada ya miaka 2 na kabla ya kubaleghe mtoto huongezeka wastani wa sentimita 6 hivi kwa mwaka, ambazo ni inchi 2 na ushei, na ndiyo maana mshonaji wa nyumbani huacha upindo wa inchi 3: ni akiba ya mwaka mzima. Nguo nyingi za dukani huachwa upindo wa kidole kimoja, kwa sababu kitambaa ni fedha na aliyezikata hatamwona mtoto huyo mwakani. Idi ya mwaka uliofuata tuliteremsha gauni la kanga inchi 2 na nusu, na nusu ya juu ya herufi zote ikachungulia. Binti, ambaye sasa alikuwa anasoma chochote kinachopita mbele yake, alizitambua herufi zilizokatika na kumsomea mgeni barazani kwa sauti safi. Mgeni huyo, Mungu amsitiri, alikuwa mke wa pili. Bibi aliomba radhi, akapeleka sahani ya pilau, na usiku huo huo akatia lesi nyeupe pana kuzunguka gauni lote. Bibi na mgeni yule hivi sasa ni marafiki wakubwa, na lesi ile imebaki pale pale, maana gauni limeshuka kwa mdogo.

Sisemi watu waache maduka. Nguo za mitumba na za Dubai zimevisha watoto wengi ambao wangekaa na matambara, wangu wakiwemo. Ninachosema ni kwamba nguo ile inayokatwa na mtu anayemjua mtoto, anayejua bega lake moja limeshuka kidogo na mkono wake unapenda kupandisha kola, ina matumizi marefu kuliko nyingine, na ujuzi wa kuikata unaondoka majumbani mwetu kwa kasi. Kutoka kwa Bibi umefika kwa binti yangu kwa sababu mwezi uliandama mapema. Kwingine hautafika.

Wapo wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita na mizani kwenye mitaa ya Ng'ambo, na nimeona kwa macho yangu cherehani ya mkono ikipimwa kwa kilo, gurudumu lake bado linazunguka. Kama nyumbani kwenu ipo moja uvunguni au juu ya kabati, msiiuze. Itoeni, ipanguseni, itieni mafuta ya cherehani kila tundu, mnunue sindano mpya namba 14, na mumpe mtoto kipande cha kanga kuukuu aanze na mstari ulionyooka.