Sanduku la Ngozi na Panya wa Ngamani

Meli ya matembezi ilikuwa imefungwa gatini Kilindini, siku ambazo kaskazi imekaza, nayo ilikuwa na azma ya kung'oka jioni ile kuelekea Maskati. Na katika ujia wa chini, ambako wapagazi hulundika mizigo ya abiria kabla ya kuipandisha vyumbani, Sanduku moja la ngozi, lenye vifungo vya shaba na kibandiko cha namba ya chumba kilichopigwa chapa ya rangi ya dhahabu, lilikuwa likingoja kwa kinyongo cha mtukufu aliyechanganywa na mabegi ya vitambaa. Hapo akatokea Panya mmoja shaibu, ambaye kwa mujibu wa hati ya afya iliyohifadhiwa na nahodha, hati yenye muhuri na ya kudumu miezi 6, hakuwamo melini.

PANYA: Masalkheri, Bwana Sanduku. Naona umeandikiwa sitaha ya 12, omo kabisa. Pole.

SANDUKU: Masalkheri yako nimeipokea, ila pole yako irudishe ulikoitoa. Tajiri wangu ametoa kwa chumba hicho fedha ambazo wewe na ukoo wako msingezimaliza kuzitafuna. Kina roshani, kina kioo toka darini hadi sakafuni, kiko juu ya watu wote na mbele ya watu wote, wala hapana abiria atakayeiona Maskati kabla yake.

PANYA: Wala hapana atakayetapika kabla yake. Niwie radhi, bwana. Mimi nimelala katika kila tabaka la meli hii, toka jikoni hadi chini ya kitanda cha nahodha, na niliyoyaona yamenirudisha ngamani kwa hiari yangu. Watoto wakilaza gogo juu ya jiwe wakapembea, aliyekaa ncha hurushwa mawinguni na aliyekaa katikati haondoki mahali pake. Meli ni gogo hilo hilo. Omo na tezi hupaa na kutua. Sitaha za juu, meli ikienda mrama, huyumba kwa mapana kuliko za chini. Naye tajiri wako, kwa hesabu ambayo nashindwa kuifasiri, amezichagua bahati mbaya zote mbili akazilipia kwa pamoja.

SANDUKU: Bahari ni shwari. Sioni wimbi hata moja.

PANYA: Hapa ni Kilindini, bwana wangu, huwezi kuliona. Tuendako ndiko kaskazi itokako. Manahodha wa majahazi, walioijua njia hii kabla chombo hakijatiwa moto, hawakuthubutu kurudi Arabuni majira haya. Walishuka na kaskazi, wakauza tende zao na papa wao, wakakaa miezi bandarini wakingoja kusi iwarudishe. Sisi tutaiingia uso kwa uso, si kwa ushujaa, bali kwa sababu ratiba imekwisha kupigwa chapa.

SANDUKU: Umeghafilika, mzee. Meli hii ina mapezi ya chuma yatokayo ubavuni chini ya maji, na wakala aliyeuza tikiti amemhakikishia tajiri wangu kwamba kwa ajili yake bahari hutulia.

PANYA: Mapezi yapo, ni jirani zangu. Kazi yao ni kuizuia meli isilale ubavu huu na ubavu ule. Kupaa na kutua kwa omo hayana uwezo nako. Na hata hiyo kazi yao huifanya meli iwapo mbioni, kwa kuwa nguvu yao ni maji yapitayo juu yao kwa kasi, na ikisimama hubaki mapambo. Ile Queen Mary, fahari ya Waingereza katika bahari ya Atlantiki, ilianza safari zake mwaka 1936 na haikutiwa mapezi hadi 1958, na muda wote huo ilisifika kwa mrama kama ilivyosifika kwa anasa. Hapana tajiri aliyekosa kuipanda.

SANDUKU: Basi fedha haina faida?

PANYA: Faida inayo, ila si kwa bahari. Palikuwa na Mwingereza mmoja, Henry Bessemer, mtu mwenye mali nyingi na tumbo dhaifu. Huyu aliunda meli yenye sebule iliyoning'inizwa katikati, ili meli ilale itakavyo na sebule ibaki wima, kwa kuwekwa mtu wa kutazama pimamaji na kuisawazisha sebule kwa mitambo ya nguvu ya maji. Mwezi wa Mei 1875 ikavushwa mbele ya halaiki hadi Calais, sebule yenyewe ikiwa imekazwa isicheze, maana haikuwa tayari. Na ilipokuwa ikiingia bandarini haikuutii usukani, ikaligonga gati. Sebule ile, pamoja na nakshi zake, hatima yake ilifanywa chumba cha biliadi nyumbani kwa mhandisi aliyeichora meli, mahali ambapo, nasadiki, haikupata kwenda mrama tena.

SANDUKU: Yaelekea huyo hakuwa na elimu.

PANYA: Ndiye aliyewaonyesha walimwengu namna ya kufua chuma cha pua kwa wingi na kwa bei rahisi.

(Hapo ikasikika sauti nzito kutoka omo, ikipita katika vyuma vya meli, alikuwa Nanga, ambaye kwa kuwa siku zake nyingi hutundikwa nje bila wa kuongea naye, hupenda kuingilia maongezi ya watu.)

NANGA: Nani huyo anayetaja kulala omo? Mwambieni kwamba bandari isiyo na gati la kututosha hunihitaji mimi, nami huteremshwa alfajiri na amari yangu ya chuma, pingili kwa pingili. Wa vyumba vya omo sitaha za chini huamka wakitoa shahada.

PANYA: Huyu ni wa juu, Sheikh Nanga. Hatakusikia sana.

NANGA: Wa juu? Haidhuru. Huyo yuko chini ya chumba cha mazoezi.

SANDUKU: Chumba gani?

PANYA: Ni ukumbi ambamo watu waliolipa nauli ya kubebwa hukimbia kabla ya jua kuchomoza, juu ya mikanda isiyofika popote, na wakichoka kukimbia hunyanyua vyuma na kuviangusha. Vinaangukia dari ya tajiri wako.

SANDUKU: Sasa, mzee wangu, na nisamehe kwa maneno yangu ya awali, mahali palipo bora ni wapi?

PANYA: Katikati ya meli, sitaha za chini, chumba chenye vyumba vya kulala juu yake na chini yake, maana waliolala hawaburuti viti kando ya hodhi la kuogelea, mbali na lifti, na jiko, na ukumbi wa dansa, tena kisiwe na ule mlango wa kupitia kwa jirani, unaozuia mtu wala hauzuii mkoromo. Vingi vya namna hiyo havina dirisha, navyo ndivyo vya bei ya chini kabisa. Aliyemo akishikwa na kigegezi, alale chali afumbe macho, au atoke sitahani atazame upeo wa bahari. Kwa kuwa ugonjwa huu ni ugomvi wa sikio na jicho, sikio la ndani likishuhudia kwamba tunasukwasukwa na jicho likiapa, kwa ushahidi wa ukuta, kwamba tumetulia.

SANDUKU: Havina dirisha! Mzee, una hekima ya bahari, ila ya nchi kavu huna. Chumba kile hakikununuliwa kwa ajili ya kulala. Picha ya roshani ilikwisha kuzungushwa kwa mashemeji wote kabla mimi sijafungwa, na shemeji mmoja amekosa usingizi tangu hapo. Mtu hawezi kurudi safarini akamringia shemeji yake kwamba alilala vizuri.

PANYA: Hilo sikulitia katika hesabu. Basi nisikuzuie, mpagazi huyo anakuja. Ila hebu nambie: tajiri wako ameagiza kuletewa chakula huko huko chumbani?

SANDUKU: Kwa kila mlo. Asubuhi ya kesho ni mayai, samaki wa moshi, mkate wa siagi, na jibini.

PANYA: Jibini ya wapi?

SANDUKU: Ya Ufaransa. Kwa nini waniuliza?

PANYA: Sinia zishukazo kutoka sitaha ya 12 bila kuguswa hupitia ujia huu. Yasahau yote niliyokwambia, bwana wangu. Roshani ni heshima kubwa kwa mtu na kwa jamaa zake, na tajiri wako asighairi.