Saa ya Mita 200 na Ndoo ya Kuogea

Masika yakiingia Unguja, wageni hupungua, maji ya pwani huchafuka kwa mvua, na vifaa vya mbizi vya mume wangu huhama Nungwi kuja kukaa nasi mjini, Mwembetanga. Kazi yake ni kuongoza wapiga mbizi: Mnemba, Tumbatu na, bahari ikitulia, Leven Bank, kile kilima kilichojificha chini ya maji kati ya Unguja na Pemba, ambako mkondo humchukua mtu asiyejua anachokifanya. Mitungi ya hewa hubaki kazini. Vingine vyote huja: suti, mapezi, miwani, fulana ya kuelea, regulata ya kuvutia hewa, na saa. Kwa miaka yote niliyoolewa nimeviona vikitoka salama chini ya bahari na kuumia ndani ya nyumba. Waliovitengeneza walifikiria chumvi, giza na mgandamizo wa maji. Hawakumfikiria mende, wala wifi mwenye bidii ya kuanika nguo, wala shemeji mwenye mwaliko wa harusi.

Saa yenyewe ni ya Kijapani, ya chuma, nzito mkononi, imeandikwa mita 200. Isipokuwa kazini hutundikwa kwenye msumari karibu na mlango wa jiko, na hapo ndipo mama mkwe wangu alipojifunza kuitumia kuliko wengi wanaoivaa kwa pambo. Pembeni mwa kioo kuna pete inayozunguka yenye alama ya pembetatu. Mpiga mbizi anapoanza kushuka huipeleka pembetatu penye mkono wa dakika, kisha hana haja ya kukumbuka aliingia saa ngapi. Dakika alizokaa chini anazisoma kwenye pete. Mama huipeleka pembetatu anapopalia makaa juu ya kifuniko cha wali. Pete hiyo huzunguka upande mmoja tu, na mume wangu alimweleza sababu: ikigongwa kwenye mwamba au kwenye mtungi ikasogea, itamdanganya mtu kwamba amekaa chini muda mrefu zaidi, si mfupi, na yeye atapanda juu mapema. Kosa lake limeelekezwa upande wa uhai. Jikoni kosa hilohilo hutoa wali wenye kiini, na Mama limempata. Hakulalamika. Alisema afadhali wali mbichi kuliko mtoto wake kubaki chini.

Masika haya mume wangu alikwenda Pemba kumjulia hali ami yake. Saa akaiacha msumarini. Ni ya kujitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, haina betri, na isipovaliwa siku mbili hivi husimama. Ikasimama. Shemeji yangu mdogo, aliyekuwa amealikwa kwenye nikaha ya rafiki yake, akaiona imenyamaza pale mlangoni. Akaona haitendewi haki. Akaichukua, akakivuta kile kifungo cha pembeni, akaiweka sawa na adhana ya magharibi, akakisukuma ndani kwa kidole gumba, akavaa kanzu na kofia, akaondoka amependeza kwelikweli.

Hapo kwenye kifungo ndipo penye kisa chote. Mwili wa saa ya mbizi ni chuma kinene, na kifuniko chake cha nyuma hukazwa kwa hesi juu ya oringi ya mpira. Tundu lake la hatari ni hilo la kifungo, kwa sababu lazima kipite kijiti cha kurekebishia majira. Kwa hiyo kifungo nacho kina hesi: husukumwa, kisha huzungushwa mpaka kikaze. Kukisukuma peke yake hakufungi kitu. Watu wa saa walilijua jambo hili zamani. Jean-Jacques Fiechter, aliyeiongoza kampuni ya Blancpain huko Uswisi, alikuwa mpiga mbizi mwenyewe, na siku moja kusini mwa Ufaransa aliishiwa hewa chini kwa kupotewa na hesabu ya muda. Mwaka 1953 kampuni yake ikatoa saa iitwayo Fifty Fathoms, kwa kina cha pima 50, yaani mita 91 hivi. Kifungo chake kilitiwa oringi mbili, ili hata kikivutwa kwa bahati mbaya ndani ya maji, maji yasipate njia. Ya kwetu hutegemea hesi, na hesi hutegemea mwenye vidole.

Shemeji alirudi usiku, jasho limemjaa, akaingia chooni kuoga. Hakuivua saa. Na kwa nini aivue? Imeandikwa mita 200! Kila mita 10 za kushuka baharini huongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 40, mwisho wa mbizi za kawaida za wageni, mtu hubanwa mara tano ya anavyobanwa barazani. Saa ilikuwa imekwishapita huko mara nyingi bila kuingiwa na tone. Ndoo yetu ya kuogea haimfiki mtu gotini. Alipojimwagia kata ya kwanza, maji yakaingia kwa utulivu kupitia tundu lililoachwa wazi, na povu la sabuni nyuma yake.

Asubuhi kioo kilikuwa na ukungu kama kifuniko cha chungu cha wali. Naye hakusema. Alikuwa amesikia kwamba mchele hunyonya maji ya simu, akaizika saa ndani ya pipa la mchele, chini kabisa, akaenda zake sokoni na uso wa mtu asiyelala.

Tuliitafuta. Mama aliukuta msumari mtupu alipotaka kupalia wali wa mchana, na kuanzia hapo nyumba haikukalika. Watoto waliulizwa, kisha wakapekuliwa. Wifi alikung'uta mashuka. Mimi nilifagia mvunguni na kuinua mkeka mmoja baada ya mwingine, moyo ukinienda mbio, kwa sababu ile kwangu si saa ya kupendezea mkono. Ni kitu kinachomrudisha baba wa watoto wangu juu. Jirani alishauri tusome Yasini. Tukasoma. Ijumaa Mama akachota mchele wa pilau, pishi likagonga chuma, akaingiza mkono, akaitoa. Unga wa mchele umejaa kwenye pete, kifungo kimechomoza, na ndani ya kioo matone yametulia juu ya namba sita.

Kila mmoja alikuwa na dawa yake. Wifi aliiweka dirishani palipopiga jua baada ya mvua. Ukungu ulizidi, na ndivyo inavyokuwa: joto huyageuza maji ya ndani kuwa mvuke, mvuke hupanda mpaka kwenye kioo kilichopoa ukaganda pale, na maji hayajatoka hata kidogo. Mama alitaka iwekwe kando ya jiko la makaa. Nilimwomba asifanye hivyo, nikampigia mume wangu. Alikaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akasema neno moja la maana: ifunikwe kitambaa, isiguswe, na kifungo kiachwe kama kilivyo. Alirudi kwa boti iliyofuata.

Alipofika hakugombana na mtu. Alitandika turubai ukumbini, akaleta vifaa vyote kimoja kimoja, na sote tukakaa kutazama. Hapo ndipo ilipobainika kwamba saa haikuwa peke yake. Suti ilikuwa imeanikwa juu ya bati, jua la mchana limeikausha mpaka magotini ikaanza kukakamaa. Suti hutaka kivuli na upepo, na kiango kipana kisichovunja mabega yake. Pezi moja lilikuwa na masizi mpaka katikati, maana watoto waligundua kwamba hakuna kipepeo kinachowasha makaa kwa kasi kulipita. Fulana ya kuelea ilikuwa imekunjwa na maji ya chumvi ndani yake, na chumvi ikikauka hufanya chembe zinazokwaruza mfuko kwa ndani. Haya yote yalitengenezeka. Mapezi yalioshwa, fulana ikatiwa maji baridi ikasukwasukwa, suti ikapewa nafasi yake chumbani.

Kisha akaishika regulata. Ilitundikwa stoo, ukuta mmoja na jiko. Akafungua kifuniko cha sehemu ile ya mdomoni, na mende wawili wakatoka mbio. Kulikuwa na mwingine aliyekufa, na mayai yamenata pembeni mwa kile kiwambo cha mpira kinachotoa pumzi. Wifi alipiga ukelele. Mume wangu hakucheka hata kidogo, na mimi pia siwezi kucheka ninapokumbuka. Kiwambo hicho hufunguka unapotoa pumzi na kujifunga unapovuta. Mguu tu wa mende ukikizuia kisijifunge, unavuta maji pamoja na hewa. Mtu anayekohoa maji ya chumvi mita 25 chini, akashikwa na hofu akakimbilia juu huku ameibana pumzi, hewa hutanuka mapafuni mwake na kuyapasua. Mtungi uwe mzima, mkondo uwe mpole, samaki wawe wazuri, na bado kifo kikawa kimetokea stoo kwetu, Mwembetanga.

Wapo wanaosema siku hizi mpiga mbizi ana kompyuta mkononi, saa ya nini tena? Kompyuta anayo, na ndiyo anayoitazama kwanza. Lakini kompyuta hula betri, na betri humaliza maisha yake inapotaka yenyewe. Ikizima, kinachobaki ni kina na muda. Kwenye jedwali alilofundishiwa, mita 18 humruhusu mtu dakika 56 kwa mbizi ya kwanza, na mita 30 humruhusu dakika 20 tu. Akizidisha, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutaka kutoka kwa mapovu, na mapovu hayo huweza kumlemaza. Na kabla ya kutoka husimama dakika 3 kwenye mita 5. Dakika hizo 3 zinahitaji kitu cha kuzihesabu, si kukisia.

Saa ikapelekwa kwa fundi Darajani. Alipoifungua tuliona maji yameacha mviringo wa kutu kwenye kipande kimoja cha chuma, na unga wa mchele umeshikana na mafuta ya magurudumu. Mchele haukunyonya kitu isipokuwa heshima yetu kwa ushauri wa mitaani. Aliichambua yote, akaiosha, akaitia mafuta upya, akabadilisha oringi na kuzipaka silikoni ili zisikauke. Kisha akafanya jaribio ambalo Mama alilipenda sana. Aliipasha saa moto mpaka kiasi cha nyuzi 40 na kidogo, akadondosha tone la maji baridi katikati ya kioo, akasubiri dakika moja, akalifuta. Kukiwa na unyevu ndani, ukungu hujikusanya palepale palipokaa tone. Kioo kilikuwa kikavu. Jaribio hilo limo pia katika ISO 6425, kanuni ya kimataifa ya saa za mbizi, ambayo haiiruhusu saa kuitwa ya mbizi chini ya mita 100 na huitaka ihimili robo zaidi ya kina kilichoandikwa. Saa ya kawaida iliyoandikwa mita 30 imekusudiwa mvua na kunawa, na wengi wanaoruka nayo Forodhani hawajaambiwa.

Jaribio la tone halikumtosha mume wangu kwa kina cha Leven Bank, na alikuwa na haki. Saa ilivuka hadi Dar es Salaam kwa fundi mwenye chombo cha mgandamizo: saa huwekwa hewani kwanza, hewa ikashindiliwa, kisha huzamishwa majini na hewa ikapunguzwa polepole. Ikiwa inavuja, hewa iliyopenya ndani hutoka kwa mapovu, na unayaona yanapotokea. Hayakutokea.

Mama ndiye aliyekata shauri. Shemeji atalipa ufundi wote na nauli, na kila siku ya kazi mpaka mwisho wa kaskazi ataosha regulata kwa maji baridi ikiwa imefungwa kofia yake ya vumbi, bila kubonyeza kitufe cha hewa. Regulata itakaa kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, chumbani kwa Mama, ambamo hakuna chakula kinachoingia. Shemeji alikubali yote. Amekwishajua kazi hiyo kuliko vijana wengi wa ufukweni, na mume wangu ameanza kumfundisha kuzamia.

Ikabaki jiko. Saa ilikuwa Dar, na Mama hakutaka kuhesabia wali kwa simu, kwa sababu simu hulia mikono imo kwenye unga. Mume wangu akarudi kwa fundi wa Darajani, akamkuta na saa ya zamani ya mbizi ambayo hesi ya kifungo chake imelika na haitafungika tena. Baharini haina kazi. Mikono inakwenda, na pete yake inazunguka vizuri upande mmoja. Akainunua kwa bei ndogo, Mama akaipokea kwa mikono miwili. Shemeji ameshaiazima kwa harusi ya mwezi ujao, na Mama amemruhusu, ila irudi kabla wali wa Ijumaa haujatelekwa.