Farasi 215 Kwenye Foleni ya Kimara

Mhasibu mmoja wa Mbezi, jijini Dar es Salaam, alitumia miezi mitatu kuchagua gari kisomi. Alifungua jedwali kwenye kompyuta, upande mmoja akaandika Toyota Premio ya lita 1.5, upande wa pili Toyota Mark X ya lita 2.5. Akajaza bei, mafuta, vipuri, bima, hata gharama ya kuosha. Kila alipojumlisha, Premio ilishinda. Kila iliposhinda, aliongeza mstari mwingine ili ahakikishe.

Mstari wa mwisho aliupa jina "Heshima". Mark X ikapata kumi, Premio mbili, na jedwali likafungwa.

Tusimcheke haraka. Premio ni gari la mtu mwenye akili timamu, na hapo ndipo tatizo lake lilipo. Injini yake, 1NZ, ni ileile iliyomo kwenye IST ya lita 1.5, kwa hiyo hata fundi wa chini ya mwembe anaifungua huku akipiga soga, na kifaa kikikosekana Kariakoo basi hukutafuta. Mark X ina ukoo mwingine. Ilitoka mwaka 2004 kurithi Mark II, jina ambalo Toyota walianza kulitumia 1968. Ina silinda sita, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na nguvu zake ni za farasi 215, karibu mara mbili ya zile za Premio. Dalali aliyempeleka yadi hakupoteza muda kueleza haya yote. Aliwasha gari, akagusa mafuta kidogo likanguruma, akamtazama mteja usoni. Mteja alikuwa ameshatabasamu.

Bei ya yadini huwa imeshabeba kodi, na ndiyo maana humshtua mtu mara moja tu. Gari likiingia nchini linalipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 18, na katikati kuna ushuru wa bidhaa unaoangalia ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa gari la zaidi ya sisi 1,000 lisilovuka sisi 2,000, na asilimia 10 kwa lililovuka. Mhasibu alikuwa akiyajua haya kwa kichwa. Ni kazi yake.

Jioni ya kwanza alimpakia mkewe kiti cha mbele wakazunguke mtaani. Alipowasha tu, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye dashibodi, laini, yenye adabu, ikizungumza Kijapani.

"Nani huyo?" mke akauliza.

Ilikuwa sauti ya kifaa cha ETC, kinachotumia kadi kulipia barabara kuu za Japani. Gari halijui kuwa limehama. Kila likiwashwa linamkumbusha dereva kwamba kadi haijachomekwa. Mhasibu alieleza yote hayo, tena kwa kirefu, lakini tangu siku hiyo mkewe humwita yule mwanamke "mwenzangu". Redio nayo ilikuwa bado Japani: masafa ya FM ya kule yanaanzia 76, na redio hii ilikomea 90, kwa hiyo vituo vingi vya Dar vilikuwa ng'ambo ya mto. Mwezi mzima alisikiliza mahubiri.

Asubuhi ya Jumatatu farasi wote 215 walitoka Mbezi kuelekea Posta. Walipofika Kimara wakasimama. Wakasogea hatua mbili, wakasimama tena. Pembeni yao mabasi ya mwendokasi, yenye njia yake peke yake tangu 2016, yalipita yakiwa yamejaa hadi mlangoni, na abiria wakapata nafasi ya kulitazama vizuri lile gari zuri lisilokwenda popote. Mbele yake kulikuwa na Premio nyeupe. Waliingia mjini kwa mfuatano huohuo.

Siku hizi Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, mhasibu huamka mapema kuliko siku ya mshahara. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, ikafidiwa kwa kuongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta, na wakati ule, akiwa hana gari, aliisifu sana hatua hiyo ofisini. Sasa kila anapojaza tangi analipa kodi ya hotuba zake.

Kisha mvua za masika zikaanza. Vichochoro vya Mbezi ni vya udongo na vilima, na gari linalosukumwa kwa nyuma, lenye nguvu kiasi hicho, likikanyaga tope hucheza kama mwali. Alikanyaga mafuta, matairi ya nyuma yakazunguka, gari likageuka taratibu mpaka likatazama nyumbani lilikotoka. Vijana wa bodaboda walimsukuma kwa elfu kumi, na wakampa ushauri bure: "Bosi, hapa weka jiwe kwenye buti." Lilipotoka kwenye tope likalikuta tuta, likalikwangua kwa tumbo, sauti ambayo mtaa mzima ulisikia kabla ya chai.

Fundi naye ana lugha yake kwa injini hii. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha na masizi yanajijenga. "Plagi sita, mzee," akasema huku akizihesabu kwa vidole, kana kwamba mteja hakujua kuhesabu.

Ili kuwapa farasi hewa, Pasaka alishika barabara ya Morogoro. Mbele ya Kibaha njia ikafunguka, akaona raha iliyomfanya anunue, kwa muda wa dakika kama nne. Kisha kikaja kijiji, kibao cha 50, na trafiki mwenye tochi nyuma ya mti. Sitini na nane. Faini elfu thelathini, inalipwa kwa simu. Alipokuwa akibonyeza namba ya malipo, Premio nyeupe ilipita kwa hamsini kamili, na dereva wake akapiga honi ya salamu.

Walirudi usiku. Kesho yake akawasha gari kwenda kazini, mkewe pembeni, mtoto wa miaka minne nyuma. Sauti ikatoka kama kawaida.

"Shikamoo," mtoto akaitikia. "Baba, anasemaje?"

"Anaomba kadi."

Mke hakugeuza hata shingo. "Mpe ya benki. Si ndiyo umemzoesha?"