Jaribio Lile Lilikuwa Kazi

Kwenu wamiliki na wakurugenzi wa kampuni za matangazo na ofisi za ubunifu, Dar es Salaam.

YAH: WANAFUNZI WANAOBISHA HODI KWENU LIKIZO NDEFU



Mimi ni mwalimu wa usanifu wa picha. Vijana ninaowafundisha wanawajua nyinyi kwa kazi zenu: wanazitazama barabarani kutoka dirisha la daladala, wanazipiga picha, wanabishana darasani kuhusu herufi mlizochagua. Likizo ndefu ikianza, kati ya Julai na Oktoba, mlango wa kwanza wanaougonga ni wenu. Wengine wanatakiwa na chuo kufanya mafunzo kwa vitendo. Wengine wamekwisha kuyafanya, wanachotafuta sasa ni fedha ya chumba na ya masomo ya mwaka unaofuata. Nawaandikia kwa ajili ya wote.

Msimu huo mnaujua kuliko mimi. Maonyesho ya Sabasaba hufunguliwa mwisho wa Juni pale Barabara ya Kilwa, na kila banda linataka mabango, vipeperushi, fulana, na mtu wa kurekebisha bei usiku wa kuamkia ufunguzi. Ya Nanenane yanafuata Agosti. Harusi hazikomi, na kila harusi ina kadi ya mchango kabla ya kadi ya mwaliko. Mwaka wa uchaguzi mkuu, kampeni nazo huangukia miezi hiyohiyo, na kofia, vitambaa na picha za wagombea lazima mtu azisanifu. Kwa hiyo naona vigumu kumwelewa mkurugenzi anayemwambia kijana mwezi Julai kwamba kazi hakuna, kisha akamwomba afanye "jaribio".

Niruhusuni nikae kidogo kwenye hilo jaribio, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alikwenda kwenye ofisi ya mmoja wenu, ambaye sitamtaja. Alipokewa vizuri, akapewa maji, akaambiwa jalada la kazi zake linapendeza. Halafu akapewa jaribio: lebo ya chupa ya juisi, namna tatu tofauti, alete baada ya siku mbili. Hakulala. Alichora jani la mwembe kwa mkono, akaliingiza kwenye kompyuta, akajaribu rangi hadi akapata kijani asichokuwa amekiona kwenye rafu za duka. Akapeleka. Wakamwambia watampigia. Hawakupiga. Likizo ilipokaribia kwisha alikwenda dukani kununua sabuni, akalikuta jani lake kwenye chupa. Aliniletea mafaili, yenye tarehe zake na hatua zake zote, tangu mchoro wa penseli. Jina la juisi lilikuwa limesogezwa juu kidogo. Mengine yote yalikuwa yake.

Ndugu zangu, mnapotaka kupima uwezo wa kijana, mpeni kazi ya mteja asiyekuwepo. Mwambieni abuni nembo ya duka la kufikirika, au airudie kazi yenu ya zamani ambayo mteja alikwisha kuilipia. Kaeni naye saa moja, mtajua kama anaijua kazi au haijui. Lakini ikiwa bidhaa ipo, mteja yupo, na tarehe ya kuchapa imekwisha kupangwa, hiyo ni kazi, na kazi ina malipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya sanaa tangu inapobuniwa, bila kusubiri isajiliwe popote, na inampa aliyeibuni haki ya kutambuliwa kwamba ni yake. Wanasheria wenu wanaijua sheria hiyo vizuri. Ndiyo mnayoitumia kampuni nyingine inapowaiga.

Mnasema kijana anapata uzoefu. Ni kweli, na siudharau. Ila uzoefu haumlipii nauli ya magari mawili asubuhi na mawili jioni, wala chakula cha mchana, wala bando analotumia kuwatumia nyinyi mafaili kwa kompyuta mpakato aliyonunuliwa na mjomba wake. Si kila mwanafunzi ana mkopo wa Bodi ya Mikopo. Anayeweza kukaa kwenu miezi mitatu bila senti ni yule ambaye nyumbani kwao kuna nafasi. Matokeo yake mnayaona kila mnapoajiri: mnawapata wenye uwezo wa kusubiri, na wenye kipaji wanakuwa wamekwisha kuondoka kuuza vocha.

Mnasema pia kwamba anapata jina. Jina gani, ikiwa mnamkataza kuonyesha alichokifanya? Nimesoma karatasi mnazowasainisha. Kijana haruhusiwi kuiweka kazi ile kwenye jalada lake, haruhusiwi kusema alishiriki, na barua mnayompa akiondoka inasema tu kwamba alikuwa mtiifu na mwenye nidhamu. Mwajiri wa kesho hatamwajiri kwa utiifu. Anataka kuona bango.

Majina yanaweza kutunzwa. Mwaka 1968 hivi, hapahapa Oyster Bay, mchoraji Edward Saidi Tingatinga alikuwa akichora kwa rangi za mafuta za dukani juu ya mbao nyembamba za mraba na kuuza picha zake karibu na Morogoro Stores. Hakuwa na ofisi. Alichukua jamaa na vijana wachache, akawafundisha. Alifariki mwaka 1972, na mpaka leo tunawajua vijana wale kwa majina: January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata, Ajaba Abdallah. Nitajieni wanafunzi watano waliopita kwenye ofisi zenu miaka mitano iliyopita, na kazi moja ya kila mmoja. Nauliza kwa heshima, na ningefurahi kupata jibu.

Tukizoea kutoandika nani alichora nini, hasara haiishii kwa wanafunzi. Mwaka 2017 alifariki Mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyejitambulisha kuwa mchoraji wa Ngao ya Taifa. Wapo wanaosema mchoraji ni mtu mwingine. Ngao iko kwenye kila hati ya serikali, na sisi bado tunabishana mkono uliochora ni wa nani.

Sitaki mdhani nawatetea vijana wangu kwa kila kitu. Wanakuja kwenu hawajui kuandaa faili la kuchapwa. Wanachelewa. Wanapenda mapambo mengi na kivuli kwenye kila herufi. Wengine siku hizi wanaleta mchoro wa akili mnemba ambao hawawezi kuurekebisha mteja akitaka mabadiliko. Kuwakosoa ni haki yenu, na ninawaomba muwakosoe bila kuwaonea haya. Lakini nimegundua kwamba wanaorudi darasani wakiwa wamebadilika kweli mara nyingi hawakutoka kwenye ofisi zenu zenye viyoyozi. Wametoka kwa wapiga chapa wa Kariakoo. Huko wamejifunza kwamba rangi ya kwenye skrini si ile itakayotoka kwenye mashine. Wamejifunza kuacha milimita tatu za ukingo wa kukatwa, kuzigeuza herufi kuwa maumbo ili zisibadilike kwenye kompyuta ya mwingine, na kwamba bango la turubai linaloonekana kutoka ng'ambo ya barabara halichorwi kama kadi ya harusi inayoshikwa mkononi. Wamejifunza hata kuongea na mteja mwenye hasira. Na jioni mwenye mashine amehesabu kazi zilizotoka, akampa kijana chake, siku hiyohiyo, bila kumwambia asubiri mhasibu arudi safari.

Mtu mwenye mashine moja na feni ya mezani anaweza. Nyinyi mnaoonyesha tuzo zenu ukutani mnashindwa nini?

Ninachoomba ni kidogo. Kabla kijana hajaanza, mwandikieni kwenye karatasi atalipwa kiasi gani na lini, hata kama ni nauli na chakula pamoja na kiwango kwa kila kazi itakayokwenda kwa mteja. Mpeni mtu mmoja wa kumsimamia, anayejua kazi, ambaye atakaa naye angalau mara moja kwa wiki waangalie alichofanya. Tangazo likishatoka hadharani, mruhusuni alionyeshe, na barua ya kumuaga itaje kazi zenyewe na sehemu aliyoifanya.

Mwaka huu barua za utambulisho nitaanza kuzisaini wiki ya mwisho ya Juni. Ofisi itakayokuwa imeniandikia kukubali mambo hayo, nitaipelekea wanafunzi wangu bora kabisa, na nitakuja mwenyewe kuwatembelea. Isiyoandika, nitamwomba mwanafunzi alifute jina la ofisi hiyo kwenye barua, aandike la mpiga chapa wa Kariakoo.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa usanifu wa picha
Dar es Salaam